Mtoto wa Mpishi Naye Ana Hadithi Yake

Leo naomba tuzungumze habari za vitabu vya watoto. Najua kuna watakaoguna. Watasema, wewe kijana, nchi ina mambo mazito namna hii halafu unatuletea habari za sungura na fisi? Subirini kidogo. Sungura na fisi leo hawamo. Ninataka tuangalie vita na ukimbizi, na tuviangalie kupitia kwa watu ambao vita viliwakuta wakiwa watoto, wakakua, halafu wakakaa chini kuwaandikia watoto wengine yale yaliyowapata.

Hoja yangu naiweka mezani mapema msije mkasema nimewazungusha. Afrika Mashariki imewapokea watoto wa vita wa kila rangi kwa zaidi ya miaka 80. Lakini katika vitabu nilivyovisoma mimi kuhusu habari hizo, vingi vimeandikwa na wageni, na ndani yake sisi tumewekwa jikoni. Tunapika, tunabeba mizigo, tunambembeleza mtoto wa bwana. Wachache walioandika wakiwa upande wa pili wa mlango wa jiko ndio walionifanya nikae kwenye kompyuta usiku huu.

Tuanzie nyumbani. Mimi kwetu ni Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida. Utotoni tulisimuliwa vita viwili. Cha kwanza ni kile cha Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na nyuki wake. Jina lake leo linaitwa kwenye uwanja wa mpira wa Singida. Cha pili ni vita vya Kagera. Lakini hakuna mtu, si mwalimu si mzazi, aliyewahi kutuambia kwamba majirani zetu wa Kondoa waliwahi kuishi na wakimbizi wa Kizungu, wengi wao wanawake na watoto, waliokimbia njaa na baridi ya Siberia. Habari hiyo nilikuja kuipata chuo kikuu, tena kwa kubahatisha, nikiwa natafuta kitu kingine maktaba.

Ilikuwa hivi. Septemba 1939 Hitler na Stalin waligawana nchi ya Poland kama watu wanaogawana nyama ya kuku. Mwaka 1940 na 1941 Stalin akawakusanya malaki ya Wapolandi wa upande wake, akawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walifia huko. Hitler alipomgeuka Stalin mwaka 1941, Wapolandi wakaachiwa, na mwaka 1942 wakatoka kupitia Iran wakiwa mifupa mitupu. Waingereza wakawatawanya kwenye makoloni yao. Kati ya watu 18,000 na 20,000 wakaletwa Afrika. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu kama 5,000 wakiishi kwenye nyumba za duara za udongo. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro na hapo Kondoa. Uganda walikuwa Masindi na Koja. Vita vilipokwisha nchi yao ilikuwa imeshaingia chini ya mkono wa yule yule Stalin, kwa hiyo wengi hawakurudi. Wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Waliofia huku bado wamelala Tengeru, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo.

Baadhi ya watoto wale walipozeeka waliandika kumbukumbu zao. Wapolandi wanaijua Tengeru. Je, mtoto wa shule ya msingi Kondoa anajua kwamba kijijini kwao kuliwahi kuwa na watoto wa aina hiyo?

Sasa kwa nini mtu aliyepitia mateso aamue kuwaandikia watoto, badala ya kuandika kitabu kikubwa cha wasomi wenzake? Jibu zuri nililipata kwa Judith Kerr. Huyu mama alizaliwa Berlin mwaka 1923, baba yake akiwa mwandishi mashuhuri Myahudi aliyempinga Hitler hadharani. Machi 1933 familia ikatoroka. Mwezi Mei mwaka huo vitabu vya baba yake vikachomwa moto. Wakapita Uswisi, wakaenda Ufaransa, wakaishia Uingereza mwaka 1936. Miaka mingi baadaye mtoto wake wa kiume alitazama ile filamu ya The Sound of Music, yenye nyimbo na milima mizuri, akasema sasa amejua maisha ya mama yake utotoni yalikuwaje. Mama akaona hapana, hili haliwezi kuachwa hivi hivi. Ndipo akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1971 kuhusu msichana wa miaka tisa anayekimbia nchi yake na kumwacha nyuma sungura wake wa kuchezea.

Hebu tulitazame jambo hilo. Mtoto alikuwa anajaza pengo. Mama alikuwa hajasimulia, basi sinema ikasimulia badala yake, na ikasimulia uongo. Watoto ndivyo walivyo. Usipowaambia, hawakai bila hadithi, wanaokota yoyote iliyo karibu.

Wakati Kerr yuko Uingereza, msichana mwingine Myahudi wa Kijerumani alikuwa jirani yetu hapa. Stefanie Zweig alizaliwa mwaka 1932, na mwaka 1938 familia yake ikakimbilia Kenya. Baba yake alikuwa mwanasheria. Kenya akawa msimamizi wa shamba la mzungu mwingine, kazi asiyoijua hata kidogo. Vita vilipoanza Septemba 1939 Waingereza wakawakamata wanaume wa Kijerumani, wakiwemo hao Wayahudi waliomkimbia Hitler! Yaani Hitler anakuita adui kwa kuwa ni Myahudi, Mwingereza anakuita adui kwa kuwa ni Mjerumani. Baadaye baba yake aliingia jeshi la Uingereza, na mwaka 1947 familia ikarudi Ujerumani.

Zweig akawa mwandishi wa habari Frankfurt. Mwaka 1980 alitoa kitabu cha vijana kuhusu msichana wa kizungu na kijana wa Kikikuyu, na mwaka 1995 akatoa riwaya ya Nirgendwo in Afrika, ambayo filamu yake ya mwaka 2001 ilishinda tuzo ya Oscar. Alifariki mwaka 2014. Ukisoma riwaya ile utakuta mtoto aitwaye Regina anayekua akiongea lugha za huku, na utakuta mpishi Mjaluo aitwaye Owuor. Owuor ndiye anayemfundisha mtoto mambo ya nchi hii, ndiye anayemfanya acheke, ndiye anayeifuata familia inapohama shamba. Nampenda sana Owuor. Lakini nilipofika mwisho nilibaki na swali moja: watoto wa Owuor mwenyewe walikuwa wapi siku zote hizo?

Swali hilo hilo nilikuwa nalo kwa Roald Dahl. Wengi wenu mmesoma hadithi zake au mmeona filamu zake. Huyu alikuja Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Alikuja akiwa kijana mkubwa, kwa hiyo yeye si mtoto wa vita, ila ananisaidia katika hoja yangu. Ile Septemba ya 1939, wakati baba wa Zweig anakamatwa Kenya, Dahl aliwekwa na askari weusi kwenye barabara ya kusini ya Dar es Salaam kuwazuia Wajerumani wasitoroke. Mambo hayo ameyaeleza katika kitabu chake cha Going Solo cha mwaka 1986. Humo yumo mtumishi wake aitwaye Mdisho, ambaye Dahl anasema ni Mwanumwezi. Bila shaka alitaka kusema Mnyamwezi, jirani yetu wa magharibi sisi watu wa Singida. Mdisho ni mwaminifu, ni shujaa, anachekesha. Ila hata jina la kabila lake halikuandikwa sawasawa, na familia yake hatuioni.

Simlaumu Zweig wala simlaumu Dahl. Mtu huandika kile alichokiona kutoka pale alipokuwa amesimama, na mtoto aliyeketi mezani humwona mpishi anapoingia na chakula, hajui mpishi akitoka anaenda wapi. Ndiyo maana inabidi awepo mwingine wa kusimulia upande ule.

Na yupo. Anaitwa Meja Mwangi, alizaliwa Nanyuki, Kenya, mwaka 1948. Mwaka 1990 alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Little White Man, ambacho baadaye kilitoka tena kwa jina la The Mzungu Boy. Anayesimulia ni kijana Kariuki, na baba yake Kariuki ni nani? Ni mpishi katika nyumba ya mzungu mwenye shamba! Mzungu huyo watu wanamwita Bwana Ruin. Anakuja mjukuu wake kutoka Uingereza, Nigel, na watoto hawa wawili wanakuwa marafiki, wanaenda kuwinda na kuvua samaki, wakati msituni wako Mau Mau na barabarani wako askari. Watu wazima wa pande zote mbili hawautaki urafiki huo. Na kaka yake Kariuki, Hari, ana siri zake na watu wa msituni.

Kwa hiyo mlango wa jiko umefunguliwa kutoka ndani. Tunamwona mpishi anarudi nyumbani usiku, tunaona anachokiogopa, tunaona heshima anayopewa na mkewe na ile anayonyimwa na bwana wake. Jambo la kushangaza, au labda si la kushangaza, ni kwamba walioipa hadithi hii tuzo kubwa mapema ni Wajerumani. Tafsiri ya Kijerumani ilipata tuzo ya taifa ya fasihi ya vijana ya Ujerumani mwaka 1992. Taifa lililowahi kumfukuza mtoto Zweig likampa zawadi mtoto wa mpishi.

Halafu yuko Ngũgĩ wa Thiong'o. Huyu tunamjua kwa riwaya na kwa ubishi wake wa lugha, lakini vitabu vyake vya watoto havitajwi sana. Alizaliwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1938. Gavana alipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Ngũgĩ alikuwa na miaka 14. Kaka yake aliingia msituni. Yeye akapata nafasi Alliance, shule bora kuliko zote za Waafrika, mwaka 1955. Aliporudi likizo ya kwanza, kijiji hakipo. Watu walikuwa wamehamishwa na nyumba kubomolewa. Hakuwa peke yake. Waingereza waliwahamisha watu zaidi ya milioni moja na kuwaweka katika vijiji vya kulindwa ili wasiwapelekee chakula wapiganaji. Serikali ya Uingereza ilikuja kueleza masikitiko yake mwaka 2013, na kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja alipata ngapi.

Mwaka 1982 Ngũgĩ akiwa London alipata onyo kwamba akirudi Kenya atakamatwa. Alikuwa ameshakaa kizuizini mwaka mzima wa 1978. Hakurudi, na uhamisho huo ulidumu zaidi ya miaka 20. Mwaka huo huo wa 1982 ndipo kilipotoka kitabu chake cha kwanza cha watoto kwa Kikikuyu, kuhusu kijana maskini aitwaye Njamba Nene, maana yake shujaa mkubwa. Wenzake darasani wanamcheka kwa umaskini na kwa kuipenda lugha ya mama yake. Basi la shule linapotea na kuwatupa msituni, na huko Kiingereza hakimsaidii mtu. Anayewaokoa ni yule anayeijua nchi yake. Kitabu cha pili, cha mwaka 1984, Njamba Nene anatumwa kuchukua mkate. Ndani ya mkate mna bastola ya wapiganaji, na njiani anakutana na msako wa askari.

Kuna watakaouliza kama ni sawa kumwandikia mtoto hadithi yenye bastola. Ni swali la haki na mimi mwenyewe nimelifikiria. Jibu langu ni kwamba bastola haikuletwa na mwandishi. Watoto wa Limuru wa mwaka 1954 walikuwa wanasimamishwa na kupekuliwa kila siku. Ngũgĩ aliwapa kitu ambacho hali ile ilikuwa imewanyima: mtoto ambaye anaogopa lakini ana la kufanya. Ngũgĩ alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, mbali na Limuru. Njamba Nene yeye hakuwahi kuondoka.

Hadithi ya mkate nimewahi kuisimulia Mwankoko, kwa watoto wa dada yangu, kwa Kiswahili changu mwenyewe, umeme ukiwa umekatika. Walikaa kimya mpaka mwisho. Kisha mmoja akamgeukia bibi akamuuliza, na wewe uliwahi kuona vita? Bibi akaanza kusimulia. Kwamba mwaka 1978 kaka yake alichukuliwa mgambo akaenda Kagera, na kwa miezi mingi hapakuwa na barua, wakawa wanasikiliza redio ya jirani wakitegea kusikia chochote. Kwamba mama yangu, akiwa na miaka sita, alikuwa akisikia lori anakimbilia uvunguni mwa kitanda kwa sababu aliamini malori yanakula watu. Linaondoka na wajomba halirudi nao. Kwamba kaka huyo alirudi salama, lakini baadaye ikaja ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyoitangaza Mwalimu, na miezi 18 ikawa miaka, sabuni hakuna, sukari kwa foleni, watoto wanaenda shule na nguo zilizofuliwa kwa maji matupu. Mimi ninaishi kwa kuuliza watu maswali na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hayo. Mama naye alikuwa hajawahi kutaja malori. Hadithi ya mtoto wa Limuru ndiyo iliyofungua hadithi ya mtoto wa Mwankoko.

Hapo ndipo tunapofika kwetu wenyewe. Watanzania tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia, kwamba nchi yetu ilikuwa kimbilio. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto wa Afrika Kusini walisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, hadi ilipokabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja tu. Nyarugusu, kule Kasulu, kuna watoto waliozaliwa kambini na kuzaa kambini. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 162,000 wa ule mkumbo wa 1972 na watoto wao walipewa uraia. Ni Watanzania wenzetu hao.

Na wapo pia waliotoka kwetu kwenda kwa wengine. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana mdogo. Alipopata Nobel mwaka 2021 wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumsikia. Riwaya yake ya Paradise, ya mwaka 1994, inamfuata Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na baba yake kulipia deni. Ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Miaka 28 ilipita kabla Yusuf hajaongea lugha ya kwao.

Sasa nenda kwenye rafu ya vitabu vya watoto vya Kiswahili. Vipo, na vizuri vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 umefanya kazi kubwa. Lakini nitafutie mtoto wa Katumba aliyevuka mpaka mgongoni kwa mama yake. Nitafutie mtoto wa Kyaka aliyekimbia majeshi ya Amin mwaka 1978. Nitafutie mtoto wa mpishi wa kambi ya Tengeru, aliyecheza na mtoto wa Kipolandi bila lugha yoyote ya pamoja. Nitafutie mtoto wa Ngara aliyeamka asubuhi na kukuta shamba lao limejaa watu robo milioni, kuni zimekwisha, maji yamekwisha. Mimi sijawapata. Ukiwa nao, niandikie haraka nitashukuru.

Kuna wanaosema mambo hayo yaachwe, watoto wasitoneshwe vidonda. Wengine watasema tutaamsha ukabila. Mimi naona kinyume chake. Mtoto wa yule Mrundi aliyepata uraia mwaka 2014 anakaa dawati moja na mtoto wa Mha au Mfipa. Wakigombana kuhusu mpira, neno la kwanza litakalotoka ni "mkimbizi." Neno hilo kalipata wapi? Hakuna kitabu kilichomwambia maana yake, kwa hiyo kaokota ile maana ya mtaani, kama mtoto wa Judith Kerr alivyookota ya sinema. Tofauti ni kwamba ya sinema ilikuwa tamu.

Tena muda hautusubiri. Aliyekuwa na miaka sita mwaka 1972 leo ameshafika au anakaribia 60. Waliocheza na Wapolandi ni wachache mno sasa, kama bado wapo. Hawa si watu wa kusubiri ruzuku wala semina. Wengi wetu tunaosoma kurasa kama hizi tumesoma hadi chuo kikuu, tuna simu zenye kurekodi sauti, na tuna bibi na babu kijijini ambao hatujawahi kuwauliza chochote zaidi ya hali ya mvua. Usianze na swali la vita, atakwambia amesahau. Muulize alipokuwa na miaka sita alikuwa anaogopa nini. Andika kama alivyosema, kwa maneno mafupi, kisha msomee mtoto yeyote aliye karibu uone atauliza nini.

Naomba kutoa hoja.